Plastiki au risasi: kuchagua kikosi cha kwanza cha watu kumi

Mpwa wangu wa Sinza ana tabia ya kuandika usiku wa manane na kutaka jibu kabla ya jogoo. Safari hii ujumbe ulikuwa mfupi: "Shikamoo mjomba. Desemba ukija niletee kikosi changu. Plastiki au chuma?"

Nikaandika "plastiki", nikafuta. Nikaandika "vyote viwili", nikafuta tena, maana jibu la namna hiyo ni la mtu asiyetaka kusaidia. Basi nimekaa chini niyapange vizuri, kwa ajili yake na kwa yeyote anayetaka kuingia kwenye michezo hii ya vita ya mezani ambako upande mzima unaweza kuutia kwenye kopo la biskuti.

Mchezo anaoutaka ni Frostgrave. Uliandikwa na Joseph A. McCullough, ukatolewa na Osprey wa Uingereza mwaka 2015. Kila mchezaji ana watu wasiozidi kumi: mchawi, mwanafunzi wake, na askari hadi wanane. (Neno "mchawi" dada yangu, yaani mama yake kijana, hajalipenda hata kidogo. Tutarudi hapo.) Wanagombea hazina kwenye magofu ya mji uliokuwa umegandishwa na theluji kwa miaka mingi. Unahitaji meza ya futi tatu kwa tatu, dadu ya pande 20, na visanamu vya milimita 28 vya kampuni yoyote ile, kwa kuwa kanuni hazikufungi kwa muuzaji mmoja. Uhuru huo ndio unaoleta shida ya kuchagua.

Na kwanza tusahihishane: si chuma. Weka sumaku uone, haishiki. Visanamu vya metali hufinyangwa kwa aloi ya bati, na zamani vilikuwa na risasi nyingi ndani yake. Mimi naishi Nottingham, mji ambao pamoja na viunga vyake una watengenezaji wengi wa vitu hivi kuliko sehemu nyingine unayoweza kuitaja: Games Workshop wapo hapa, Warlord, Mantic, ndugu pacha wa Perry, na North Star wanaotengeneza visanamu rasmi vya Frostgrave. Wenyewe huliita eneo hili Mkanda wa Risasi. Kwa Kiingereza jina hilo linahusu madini tu. Kwetu sisi, ambao risasi ya kuyeyusha na risasi ya bunduki ni neno moja, linachekesha mara mbili. Siku hizi watengenezaji wengi wameiacha risasi, ila si wote, kwa hiyo ukimaliza kupiga tupa nawa mikono kabla ya kugusa andazi.

Uliza gundi kwanza

Wengi hulinganisha plastiki na metali kwa sura au bei. Mimi naanza na gundi, kwa sababu gundi ndiyo itakayoamua jioni yako itakuwaje.

Plastiki ngumu ya visanamu ni polisitairini, ileile ya modeli za ndege na magari. Gundi yake si gundi hasa, ni kiyeyushi. Ukipaka kwenye bega na kwenye mkono, pande zote mbili zinalainika, zinaingiliana, kiyeyushi kinaruka hewani, na unabaki na kipande kimoja kana kwamba umechomelea bila moto. Utamu wake ni kwamba haikukimbizi. Una dakika moja au mbili za kumgeuza askari, kumwinua kiwiko, kumfanya aangalie pale upinde unapolenga badala ya kutazama mawinguni. Pakibaki ufa, unaongeza tone, unabana mpaka plastiki laini ifurike kidogo, na kesho yake unakwangua kilichozidi. Hata kovu halibaki.

Kasoro yake ni kwamba kinachoyeyusha bega kinayeyusha na uso. Nina mpiga upinde mmoja ambaye shavu lake la kushoto lina alama ya kidole gumba changu, mistari yote imeonekana. Polisi wakimpata kwenye eneo la tukio, nimekwisha.

Metali haiyeyushwi na kitu utakachoweka mezani, kwa hiyo unarudi kwenye supagluu. Nayo ina tabia ambayo wengi hawaijui: haikauki kwa kupoteza maji, hugandishwa na unyevu wa hewa. Januari hapa kwangu, hita imewaka kutwa na chumba kimekuwa kikavu kama ghala, unaweza kumshikilia askari mpaka mkono ukafa ganzi. Dar wakati wa masika, tone hilohilo linashika kabla hujalenga. Dawa ni kupaka kidogo sana, kidogo kuliko unavyodhani, na kuifunga chupa kila mara, maana unyevu unaoingia ndani unagandisha iliyobaki. Chupa iliyoachwa wazi usiku mmoja Kariakoo haina habari asubuhi.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba kiungo cha supagluu ni kigumu lakini ni kama kioo. Kinabeba uzito vizuri, kikigongwa kinaachia. Mwaka juzi nilikuwa na mpiga panga wa metali ambaye mkono wake wa kulia ulikuja kando, na pale mkono ulipokutana na bega hapakuzidi punje ya mtama. Nikaubandika. Ukadondoka. Nikakwangua gundi ya zamani, nikabandika tena, nikamsimamisha kwenye rafu, na nilipogeuka nikasikia "tik". Mara ya tatu ulidondokea kwenye kikombe cha chai.

Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo: msumari. Unahitaji keekee ya mkono, ile ndogo inayozungushwa kwa vidole, na klipu ya karatasi. Toboa tundu la milimita moja begani. Halafu weka tone la rangi mdomoni mwa tundu, bonyeza mkono hapo, uondoe: rangi imekuachia alama kwenye mkono, pale hasa pa kutoboa tundu la pili. Kata kipande cha waya wa klipu, gundi huku na huku, sukuma. Yule mpiga panga ameshaanguka toka mezani mara nyingi na bado ana mikono miwili. Lakini kazi ile ilinila dakika 40 kwa mkono mmoja.

Hata hivyo tusiionee metali. Visanamu vingi vya metali kwa michezo ya vikosi vidogo havina kiungo hata kimoja. Mtu mzima ametoka kwenye kalibu na upanga wake mkononi, ana ulimi mwembamba chini ya miguu unaoingia kwenye ufa wa kitako (kisahani anachosimamia), tone moja la gundi, kwisha. Mchawi na mwanafunzi wake wa North Star huja wawili kwa pakiti, na wale niliowapata mimi walikuwa wamesimama tayari kwa rangi kabla chai haijapoa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema metali ni ngumu kuunda, muulize: ya vipande vingapi?

Fremu, kalibu, na sababu ya nyuso kutofanana

Plastiki huja ikiwa imeshikana kwenye fremu. Unakata kwa plaizi ndogo, mbali kidogo na kipande, kisha unasogea karibu. Ukikata moja kwa moja kwenye ngozi ya askari unang'oa nyama. Halafu kuna mshono wa kalibu, ule mstari mwembamba unaozunguka mwili mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Kwenye plastiki unauondoa kwa mgongo wa kisu, si makali, unakwangua kama unayeparua samaki. Kwenye metali unahitaji tupa ndogo na uvumilivu, na mstari uliopita usoni ni adhabu. Ukiuacha ukidhani rangi itauficha, rangi ndiyo itakayoutangaza.

Kwa mkono wangu, ambao si mwepesi, watu kumi wa plastiki hula jioni mbili. Wa metali wasio na viungo ni jioni moja, na sehemu kubwa yake imekwenda kwenye tupa.

Ila zile jioni mbili hazipotei bure. Boksi la askari wa Frostgrave lina watu 20, na fremu zake zimejaa vichwa, mikono na silaha kuliko miili iliyopo. Kwenye mchezo huu hilo si pambo. Mpiga upinde, mwenye upinde wa mtambo, mwizi, mwindaji hazina, kila mmoja ana kazi yake na bei yake ya dhahabu, na mwenzako upande wa pili wa meza anapaswa kumtambua kwa kumtazama. Kwa plastiki unamuunda yule uliyemwandika kwenye karatasi. Akifa (na atakufa), masalia ya fremu yanakupa mrithi wake. Mimi nina kopo la vichwa vilivyobaki, na mke wangu alilifungua siku moja akitafuta vifungo vya shati. Hajalifungua tena.

Metali mchongaji amekuchagulia. Unachokipata badala yake ni uso. Kalibu ya metali ni ya mpira, inapinda wakati wa kutoa kisanamu, kwa hiyo mchongaji anaweza kuchimba mikunjo ya nguo ndani kabisa, kuweka vidole vilivyoshika kitu kwelikweli. Kalibu ya plastiki ni ya chuma, haipindi, na chochote kilichochimbwa kwa pembeni kingekwama ndani; matokeo yake ubavuni mwa askari wa plastiki mara nyingi pamelala kidogo, kana kwamba fundi aliishiwa muda. Kalibu hiyo ya chuma pia ni ghali kuchonga, ndiyo sababu plastiki hutengenezwa kwa kile kitakachouzwa sana, na metali hubaki kimbilio la mambo machache.

Hilo nililiona nilipoanza Congo, mchezo wa Studio Tomahawk wa Ufaransa uliotoka 2016. Umewekwa Afrika ya Kati ya karne ya 19, na mojawapo ya pande zake ni msafara wa Wazanzibari. Mtoto wa Tanga aone kitu kama hicho dirishani mwa duka la Nottingham apite? Sikupita. Msafara wangu ni wa metali mtupu, kwa sababu sikupata boksi la plastiki la watu wa namna hiyo. Congo hutaka watu wengi zaidi ya Frostgrave, wakienda kwa makundi, na hapo ndipo metali ilipouma mfukoni: mtu mmoja wa metali hugharimu mara mbili ya wa plastiki, wakati mwingine zaidi. Kwa watu kumi unavumilia. Kwa thelathini unaanza kuficha risiti.

Resini, malighafi ya tatu ya visanamu, nitaipitia haraka. Ni nzuri kwa sura, pengine kuliko zote. Mkuki ukiwa umepinda unaulainisha kwenye maji ya moto, unaunyoosha, unatia kwenye maji baridi. Lakini vumbi lake si la kuvuta. Unapiga msasa kwenye maji na kuvaa barakoa. Na ile ya kujichapia nyumbani kwa printa ya 3D, kabla haijakaushwa kwa mwanga, inadhuru ngozi, inataka glavu, spiriti ya kuoshea, na chumba chenye hewa. Chumba kimoja cha Sinza ambacho ndicho cha kulala, kula na kusomea si mahali pake. Kikosi cha kwanza, acha.

Begi la Desemba

Sasa kuna jambo ambalo mtu wa hapa hawezi kuliwaza, maana duka liko dakika kumi kwa basi. Gundi ile nzuri ya plastiki inawaka moto, na makopo ya rangi ya kupuliza pia. Havipandi ndege, si begi la mkononi wala la chini. Rangi za akriliki za maji zinapita, brashi zinapita, plaizi na kisu vinakwenda begi la chini.

Maana yake nini? Mpwa wangu akipata plastiki, huenda ataiunganisha kwa supagluu ya dukani. Itashika, wala si dhambi, lakini ameshapoteza ile dakika ya kugeuzageuza mkono na ule uchomeleaji usioachia. Faida niliyoisifu kuliko zote imebaki uwanja wa ndege. Kwa maneno mengine, Dar metali inapanda thamani kidogo na plastiki inashuka kidogo, kwa sababu tu ya chupa ya mililita chache. Nilipofika hapo ndipo nilipofuta "plastiki" mara ya kwanza.

Kwenye kuanguka, hesabu inageuka tena. Plastiki ni nyepesi. Ikidondoka sakafuni inaruka kama njugu na rangi inabaki. Mkuki wake mwembamba unaweza kukatika. Metali ikianguka, mkuki unapinda tu na unanyooshwa, ila uzito wake unabandua rangi puani, goti, na kwenye kila kinachochomoza. Wale wa Mkanda wa Risasi wanaopenda metali watakwambia uzito mkononi una raha yake. Ni kweli. Ukimwinua mchawi wa metali ukamweka mahali, meza inasikia.

Rangi: na hapa uliza andakoti

Akriliki haishiki kwenye metali tupu. Utapaka vizuri, itapendeza, na siku ya tatu itabanduka kama ganda la yai. Plastiki inavumilia zaidi lakini nayo inataka andakoti. Osha visanamu kwanza kwa sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, acha vikauke, ndipo upake.

Andakoti ya kupuliza ni ya haraka na ni nyororo, ikiwa hali ya hewa inakubali. Kwenye joto na unyevu, matone hukauka nusu kabla hayajafika, na unapata askari mwenye ngozi ya msasa. Mimi nimeharibu hivyo wanne kwa mpigo, tena nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza siku hiyohiyo. Anayetaka kujaribu praima ya magari ya duka la vifaa vya ujenzi aanze kwa kupuliza kipande cha fremu tupu, maana nyingine zinakula plastiki. Kwa Desemba ya Dar mimi nasema andakoti ya brashi. Ni polepole, tabaka mbili nyembamba, lakini haiulizi habari ya upepo.

Baada ya hapo njia ni mbili, na watu hugombana juu yake kama Simba na Yanga.

Ya zamani ni ya ngazi tatu. Unafunika kila sehemu kwa rangi yake. Unamimina woshi, rangi nyembamba sana ya kahawia au nyeusi inayotiririka kwenye mabonde na kufanya vivuli. Kisha unarudi na rangi nyepesi kidogo kwenye vilele: kwa ncha ya brashi, au kwa brashi kavu, ile unayoichovya, ukaifuta kwenye tishu mpaka karibu haina kitu, halafu ukaipitisha juu juu. Ina hatua nyingi. Lakini kila kosa lina dawa: umekosea, funika, rudia. Hata andakoti ikiwa na madoa, tabaka la kwanza linaficha.

Ya pili ni rangi za haraka. Citadel, chapa ya rangi ya Games Workshop, walitoa Contrast mwaka 2019, na baadaye Vallejo na Army Painter wakatoa za kwao. Ni rangi nyembamba yenye kolezo kali: unapaka mara moja, inatuama mabondeni na kupungua vileleni, na kivuli na mwanga vinatokea pamoja. Kwenye manyoya, magome, nguo zenye mikunjo mingi, ni muujiza. Nimewahi kumaliza genge la watu kumi Jumamosi moja. Kwenye mahali papana na bapa, ngao au joho lililotanda, inatuama hovyo kama chai iliyomwagika kwenye shuka. Na inategemea andakoti kwa kila kitu, kwa sababu yenyewe haifuniki. Chini pakiwa na alama ya brashi, itaionyesha. Ukitoka nje ya mstari, lazima urudishe nyeupe kwanza, kisha upake upya. Nyingine za mwanzo zilikuwa zikiyeyuka tena ukipitisha brashi yenye maji juu yake, basi jaribu kwenye kisanamu usichokipenda.

Kuna hila inayozipa nguvu: andakoti nyeusi, brashi kavu ya kijivu, brashi kavu ya nyeupe juu kabisa, halafu rangi ya haraka. Vivuli umevichora tayari, rangi inakuja kama kioo cha rangi juu ya picha nyeusi na nyeupe. Tena brashi kavu haijali andakoti yenye chembechembe. Kwa mtu anayepaka andakoti kwa mkono, hiyo ndiyo habari njema.

Sasa kanzu. Wazanzibari wangu niliwapaka nyeupe kamili mara ya kwanza, kwa sababu picha za kwenye maboksi ziko hivyo. Wakawa kama wahudumu wa hospitali. Nikakumbuka kwamba nguo iliyotembea njia zile ilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa iliyoletwa kutoka Marekani, na jina lake ndilo linasema ilikotoka. Rangi yake ni krimu, si nyeupe. Nikafunika krimu, woshi ya kahawia iliyozimuliwa na maji mikunjoni, krimu tena kwenye vilele, na nyeupe pale begani tu, kwenye jua. Kaniki nayo isiwe bluu ya bendera. Ni bluu nzito iliyokaribia weusi, na kilele chake kina rangi ya jeans iliyofuliwa sana. Rangi ya haraka ingeweza kaniki kwa pigo moja. Merikani ingeishinda, ingeacha madoa ya chai.

Ngozi ndiyo inayonifanya nisiziache rangi za zamani kabisa. Seti nyingi za "ngozi" zina waridi, waridi hafifu, na waridi iliyokoza. Za haraka za kahawia, juu ya andakoti nyeupe, humfanya mtu mweusi aonekane ramani ya mito. Mimi naanza na kahawia nzito iliyotiwa tone la nyekundu iliyokoza. Kisha kosa wanalofanya wengi: kuongeza nyeupe ili kupata mwanga. Usifanye. Ngozi inapauka, askari anafanana na mtoto aliyetoka kuogelea hajapakwa mafuta. Ongeza rangi ya chungwa au ya udongo wa njano, paka shavu, pua, kipaji cha uso na vifundo vya vidole. Ghafla kuna mtu pale. Na kwa kuwa Frostgrave haisemi popote kwamba askari lazima awe mzungu, kikosi chote cha mpwa wangu kinaweza kutoka Sinza.

Brashi: moja nzuri ya manyoya ya asili yenye ncha kali, na mbili za bei ya chini za kazi ya brashi kavu na kupakia gundi. Ile nzuri isifanye kazi ya brashi kavu wala isiguse rangi ya dhahabu au fedha, na rangi isipande mpaka kwenye bati la shingo. Vanishi ni lazima kwa metali kuliko plastiki, kwa zile pua na magoti niliyosema. Ya brashi, si ya kupuliza, kwa sababu ileile ya unyevu, unaoweza kuigeuza ikawa ukungu mweupe juu ya kazi ya wiki nzima.

Ninachofunga begini

Kilichomaliza ubishi kichwani mwangu ni kitu nilichokisahau tangu mwanzo: mchezo huu unachezwa na wawili. Hapa Nottingham naenda klabu na kikosi changu, namkuta mtu na chake. Mpwa wangu akifungua kikosi kimoja Sinza, atacheza na nani? Atahitaji kumtengenezea na mpinzani. Boksi moja la plastiki la watu 20 ni askari wanane kwake, wanane kwa rafiki yake, na wanne wa akiba wa kuharibia rangi. Kwa metali, watu hao kumi na sita ningelazimika kuuza koti.

Basi askari ni plastiki, na supagluu atanunua huko. Wachawi wawili na wanafunzi wao ni metali, pakiti mbili zisizo na kiungo, kwa sababu ndio watakaoshikwa zaidi, na yule anayepaswa kutazamwa usoni awe na uso. Andakoti ya brashi nyeusi na nyeupe. Chupa za kawaida sita: krimu, kahawia nzito, nyekundu iliyokoza, chungwa, fedha, woshi ya kahawia. Za haraka tatu tu, za ngozi ya viatu, kijani na bluu, kwa nguo na mikoba ya askari. Vitako atavimalizia kwa gundi ya mbao na mchanga; ukiwa wa ufukweni auoshe chumvi kwanza.

Nikamwandikia hayo yote, kwa kirefu kuliko hapa. Jibu lilikuja saa nane usiku: "Sawa mjomba, asante. Ila mama amesema mchawi haingii nyumbani kwake. Tumekubaliana aitwe mganga."